Nguo za Idd na Haki ya Aliyezishona

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, baada ya darsa ya Magharibi, ndugu mmoja katika wanaohudhuria hapa kwetu alibaki nyuma mpaka watu wakatoka, kisha akatuuliza swali ambalo yaonekana alikuwa amelibeba siku nyingi. Yeye ni mtu wa kibarua bandarini, na ana watoto wanne. Alisema: "Maalim, kodi ya nyumba nikiichelewesha mpaka baada ya Ramadhani, ili niwanunulie watoto nguo za siku kuu, nitakuwa nimekosa?" Tulimjibu upesi, kama ilivyo desturi ya mtu anapoulizwa juu ya mzigo usio wake: kodi ni haki ya mwenye nyumba, na nguo mpya si wajibu juu ya mtu; basi iliyo haki hutangulia. Naye akasema: "Hayo nayajua, Maalim. Lakini nani atakayewaambia watoto?"

Kwa swali hili la pili hatukuwa na jawabu. Tulilizungumza darsani jioni kadhaa, na kila tulipolishika upande mmoja lilitokeza upande wa pili, mpaka tukaona kuwa jambo la nguo, ambalo sote twalidhani dogo, limefungamana na deni, na fahari, na dhuluma wanayofanyiwa watu wa mbali tusiowajua. Na kwa kuwa Ramadhani nyingine i karibu kuingia, tumeona vyema kuyaandika hapa yale yaliyotudhihirikia.

Kwanza twataka kuondoa dhana. Asije mtu akasema kuwa hawa wa darsani wataka Waislamu watembee na matambara. Dini yetu imeamrisha usafi na imeruhusu pambo. Tena katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, amri ya kuvaa vizuri wendapo msikitini na katazo la israfu zimekuja pamoja katika aya moja, ili asiye na akili ya kuzitenganisha asipate kisingizio. Alipoelezwa Mtume (S.A.W.) habari ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, hakulihesabu hilo kuwa kiburi. Lakini ameionya pia ile nguo ya shuhra, inayovaliwa ili watu wageuze shingo. Na siku ya Idd lililo sunna ni kuvaa nguo iliyo nzuri katika zile alizonazo mtu. Tafadhali, ewe msomaji, lirejee neno hilo: alizonazo. Upya wa nguo si sharti lililowekwa na wanazuoni. Tumeliweka sisi wenyewe, kisha tukalitundika juu ya dini, na sasa mchukuzi wa bandarini analala macho kwa ajili yake.

Wala hatusemi kuwa zamani watu wa pwani walivaa walichokifuma wenyewe tu, na kwamba mabaya yote yameletwa na meli. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alizitaja nguo za Mogadishu, kuwa zilikuwa zikipelekwa mpaka Misri. Lakini baadaye, katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem walituletea kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, nasi tukakipenda hata kikabaki na jina la merikani mpaka leo. Nguo ya kigeni si jambo geni kwetu. Kilichokuwa tofauti ni hesabu. Jora lilikatwa kwa kipimo, fundi akashona akiacha upindo mpana kwa kuwa mtoto atakua, na kanzu ya kaka ikamngoja ndugu yake. Doti ya leso ilikuwa na umri kama mtu: ilianza kwa kutokea, kisha ikawa ya nyumbani, kisha ikawa mbeleko, kisha ikafunikia unga, na mwisho ikawa tambara la kupangusia, na hapo tena haikuwa imebakisha deni kwa mtu yeyote. Wengi wetu tulibebwa ndani ya leso zilizokuwa katika umri wake wa tatu.

Sasa nguo imekuwa na umri wa kuku wa kununuliwa kwa chakula cha jioni. Kila wiki chache dukani na katika simu yatokea mtindo mwingine, na bei ni ndogo hata mnunuzi haoni haja ya kufikiri. Kinywa husema, "Rahisi hii, tuchukue mbili." Na hapa ndipo tunapotaka kusimama, kwani neno hili "rahisi" ndilo kiini cha maneno yetu yote.

Imamu Abu Hanifa (Mungu amrehemu), kama wasomaji wetu wajuavyo, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Katika habari zilizopokewa juu yake ni kuwa siku moja alijiwa na mwanamke aliyekuwa na nguo ya hariri akitaka kuiuza kwa dirhamu 100. Imamu akaitazama, akamwambia kuwa yastahili zaidi. Mwanamke akapandisha mia, na Imamu akasema bado. Akaendelea kupandisha mpaka 400, na bado Imamu akasema yastahili zaidi. Yule mama akadhani anafanyiwa mzaha. Basi akaletwa mtu wa kuikadiria, na Imamu akainunua kwa 500.

Tumezoea kuisimulia habari hii ili kusifu uaminifu wa muuzaji, ilhali hapa Imamu ndiye mnunuzi! Alipewa bidhaa kwa bei ya chini, naye akaona kuwa bei ile imepunguka haki ya mtu, akakataa kuila. Ni wangapi kati yetu waliopata kutishwa na urahisi wa kitu? Sisi tukiona buibui la bei ya chakula cha siku moja hushukuru bahati yetu, wala hatuulizi: pamba ililimwa na nani, kitambaa kilifumwa na nani, aliyeshona alipata nini, meli ililipwa nini, mwenye duka akabakiwa na nini, na vipi vyote hivyo vimeingia katika bei ile ndogo? Jawabu ni kuwa havikuingia. Kiko kilichoachwa nje, na mtu mwingine amekilipa.

Tunawajua baadhi ya waliolipa. Tarehe 24 Aprili 2013, mahali paitwapo Savar, karibu na mji wa Dhaka nchini Bangladesh, lilianguka jengo la ghorofa nane lijulikanalo kama Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushonea nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla yake nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka yaliyokuwa chini yalifungwa, lakini washonaji waliamrishwa kurudi kazini asubuhi ya pili, kwa kuwa oda ya nguo ilikuwa na tarehe yake. Walikufa watu 1,134, na waliojeruhiwa wakapita 2,000. Walio wengi walikuwa wanawake vijana. Mshahara wa chini wa kazi ile kwa sheria ya nchi ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, nazo hazikufika dola 40 za Kimarekani. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Septemba, kiwanda cha nguo kilishika moto mjini Karachi na zaidi ya watu 250 wakafa. Na mwezi wa Novemba moto mwingine ukaua zaidi ya watu 100 kiwandani hukohuko pande za Dhaka.

Bangladesh na Pakistan ni nchi za Waislamu. Waliokuwa chini ya vifusi vile wengi wao ni watu waliofunga kama tunavyofunga na kungoja mwezi kama tunavyoungoja. Twaomba dua kwa ajili ya umma kila Ijumaa; basi huyu aliyekufa na mkasi mkononi akikata mkono wa shati letu, si katika umma? Kweli, baada ya msiba ule yalifanywa mapatano ya ukaguzi wa majengo, na mshahara wa chini ukapandishwa mara kadhaa, ukafika taka 12,500 mwishoni mwa mwaka 2023, hali wafanyakazi walikuwa wakidai karibu mara mbili yake. Wala tusidhani ni mambo ya ng'ambo peke yake. Tangu Marekani ilipotunga sheria yake ya mwaka 2000 ya kufungulia bidhaa za Afrika soko lake, hata hapa Mombasa zimekuwako karakana za kushonea nguo za kupelekwa huko, na mabanati wa mitaa yetu wamekaa kwenye cherehani zile. Mwenye kutaka kujua dazeni moja hushonwa kwa kasi gani, na awaulize.

Liko na lingine ambalo mwanafunzi wa dini ataliona kwa jicho la pekee. Vitabu vyetu vyataja mito miwili, Jaihun na Saihun, na nchi iliyo ng'ambo ya mto, alikotoka Imamu Bukhari. Mito hiyo leo yaitwa Amu Darya na Syr Darya, na maji yake yalikuwa yakimiminika katika bahari ya bara iitwayo Aral, ambayo ilikuwa ya nne kwa ukubwa ulimwenguni katika namna yake. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Urusi ya wakati ule iliyageuza maji ya mito ile yakanyweshe mashamba ya pamba. Pamba ikastawi, bahari ikafa. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari ya wavuvi, umebaki katikati ya mchanga, na meli zimelala kutu mahali ambapo maji hayaonekani hata kwa mbali. Mwaka 2014 upande wa mashariki wa bahari ile ulikauka wote. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa maana ya bandari kukosa bahari. Na kwa miaka mingi wanafunzi na walimu wa Uzbekistan walitolewa madarasani kwa nguvu kwenda kuchuma pamba hiyo. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo ilipotangazwa kuwa desturi ile imekwisha.

Hukadiriwa kuwa shati moja la pamba, tangu shambani mpaka liwe shati, hutumia lita 2,700 za maji. Kwa hesabu ya mkokoteni wa maji ni madumu 135. Mwenye kununua maji kwa dumu mjini Mombasa ataifahamu hesabu hiyo kuliko profesa.

Mtu atasema: basi tuache pamba. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa ulimwenguni leo ni za viwandani, na iliyo nyingi kupita zote ni poliesta, nayo asili yake ni mafuta ya ardhini, ndugu ya chupa ya plastiki. Ikifuliwa hutoa nyuzi ndogo mno zinazokwenda na maji mpaka baharini, na ikitupwa haiozi. Na katika joto letu la Kaskazi, mwenye kuivaa hujua mwenyewe. Vitambaa vyeusi vya buibui vilivyo vingi vyatokana na hiyo poliesta. Hatusemi mwenye nacho akitupe, kwani kukitupa ndiko kosa lenyewe. Kina sifa moja ya kudumu, na akitumie mpaka kiishe.

Hapo twajua wasomaji wetu wa Kongowea wataka kutuuliza habari ya mitumba. Mitumba imewavisha maskini, imewapa kazi maelfu ya watu, na haina aibu. Nguo iliyokwisha kuvaliwa ikifuliwa ikatoharika ni nguo. Tena mara nyingi shati la mtumba lililoshonwa miaka ishirini iliyopita lina mshono wa kweli kuliko jipya la dukani. Lakini tuijue asili yake. Robota lile ni mabaki ya matajiri walionunua wasichohitaji, na katika kila robota kiko kisichofaa kuvaliwa, nacho mwisho wake ni jaani kwetu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe kufikia 2019, ili viwanda vya hapa vipate pumzi. Marekani ikatishia, wengi wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia ikanyimwa mwaka 2018 nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Siasa hiyo ina wenyewe. Letu ni kuwa mwenye kununua mitumba kumi kwa sababu ni rahisi, akavaa miwili, amefanya yaleyale ya yule tajiri wa Ulaya, kwa mkono wa pili.

Na sasa tuingie nyumbani, mahali ambapo maneno huwa magumu zaidi. Maradhi yetu wenyewe, wala hakutuletea mtu, ni harusi. Harusi moja ina shughuli nyingi, na kila shughuli na nguo yake. Kesha lina sare, kupamba kuna gauni, na gauni hilo likishaonekana limekufa, kwani kwenye kupamba kunakofuata litasikiwa lile neno linalotisha wanawake wengi kuliko joka: "Hii si ile aliyovaa harusi ya fulani?" Tena picha zimo katika simu, hata mwenye kusahau hukumbushwa. Mama mmoja ametwambia kuwa alikataa kwenda harusi ya mtoto wa ndugu yake, damu moja, akatoa udhuru wa maradhi, kwa sababu sare ilikuwa imetangazwa naye hakuwa na pesa zake. Haya ni kukata udugu kwa kitambaa! Tumehuzunika sana kwa habari hii, na tumeiandika kwa idhini yake.

Wanaume wasicheke. Tumewaona wanaolalamikia magauni ya wake zao, nao wana kanzu saba zinazoning'inia, na kila msimu jezi mpya ya timu isiyowajua. Lakini twasema kweli kuwa ufunguo wa jambo hili umo mkononi mwa mwenye shughuli. Mwenye harusi akitangaza kuwa sare ni leso, na kila mtu aje na aliyonayo, amewaondolea fadhaa watu mia kwa neno moja. Familia mbili hapa Mji wa Kale zimefanya hivyo mwaka huu, na ngoma ilichezwa, na biriani ililiwa.

Ama yule anayehitaji nguo kwa kweli, na afanye haja yake kwa utulivu. Asiende Biashara Street usiku wa mwezi ishirini na saba, katika msongamano, na mtoto analia. Usiku ule hapana mtu anunuaye kwa akili. Aanze nyumbani kwa kulifungua kabati na kutoa kila kilichomo, maana wengi hununua walichonacho. Akifika dukani, nguo aigeuze ndani nje, kwani nje ni uso na ndani ndiko tabia. Atazame mshono kama uzi ni wa karibu karibu. Auvute taratibu kwa vidole aone kama watoa meno. Atazame upindo kama kuna cha kufumuliwa. Akielekeze kitambaa kwenye mwanga, na kikionesha mkono wake wote hakitafika Idd ya pili. Kisha aigawanye bei kwa siku atakazoivaa. Kanzu ya shilingi 3,000 itakayovaliwa kila Ijumaa kwa miaka mitatu ni rahisi, na gauni la 1,000 la jioni moja ni ghali. Na akiona katika simu picha ya kitu kinachong'aa, akiache kilale usiku mmoja. Asubuhi mara nyingi haja yenyewe huwa imekwisha.

Lakini lililo bora kwa mwenye uwezo ni kurudi kwa fundi. Fundi twamjua jina, twaijua nyumba yake, na akidhulumiwa twaliona jambo lenyewe kwa macho yetu. Hapa inatupasa tujisute. Tumeandika juu ya mabepari wa mbali wasiowalipa washonaji wao, na fundi mmoja wa Mji wa Kale alipousikia mjadala wetu alitufungulia daftari lake bila ya kusema neno. Zilikuwamo kurasa mbili za majina ya watu waliochukua nguo mkesha wa Idd wakaahidi kulipa "baada ya siku kuu", na katika majina hayo, tunakiri, limo la mmoja wetu. Mtume (S.A.W.) ametaka mwenye kazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Sisi jasho la fundi tumeliacha likauke, likalowa tena, likakauka. Kisha twamletea kitambaa tarehe ishirini na tano ya Ramadhani, naye hana usingizi wala itikafu, akishona mpaka alfajiri ili sisi tupendeze. Basi kitambaa kipelekwe Shaaban, na pesa ziende pamoja na kitambaa. Yule mwenzetu amekwisha kulipa.

Ama ndugu yetu wa bandarini, kodi yake aliilipa mwezi uleule. Alikwenda na kanzu mbili za watoto wakubwa kwa fundi huyohuyo, zikafumuliwa upindo. Ya tatu akapewa mdogo kutoka kwa kaka yake. Na binti akashonewa gauni kwa leso ya mamake iliyokuwa haijakatwa. Tuliwaona siku ya Idd, alasiri, Makadara, kwenye bembea. Mstari wa upindo wa zamani ulionekana kidogo kwa mwenye kuutafuta. Yule mdogo alitukimbilia kutuonyesha kanzu yake, akatwambia kuwa kaka hana akili, kwani ameisahau mfukoni shilingi kumi ya Idd ya mwaka jana.